Kutoka Jedwali la Boyle hadi Tasnifu ya van der Waals: Nafasi ya Lugha katika Historia ya Kanuni za Gesi

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya kanuni za gesi kuanzia jedwali la Robert Boyle la mwaka 1662 hadi tasnifu ya Johannes Diderik van der Waals ya mwaka 1873. Hoja yake ni kwamba kila hatua kubwa katika historia hiyo ilipatikana pale wataalamu walipofanikiwa kutaja kwa maneno kitu ambacho awali hakikuwa na jina la uhakika: kisichobadilika katika jaribio, mahali sufuri inapoanzia, na kinachohesabiwa. Makosa yanayomkwamisha mwanafunzi wa leo anapokokotoa maswali ya gesi yanatokea katika sehemu hizohizo. Makala yanahitimisha kwamba katika nchi za ukanda wetu, suala la kufundisha kanuni za gesi haliwezi kutenganishwa na suala la istilahi na la lugha ya kufundishia, na yanatoa mapendekezo matatu kwa watunga sera.

1.0 Utangulizi

Tuanze na swali la kawaida la kidato cha tatu au cha nne. Mfuko laini wa plastiki, usiojaa, umefungwa mjini Mombasa ukiwa na sentimita za ujazo 500 za hewa kavu. Jotoridi la Mombasa siku hiyo ni nyuzi 30 za Selsiasi na kanieneo ya hewa ni kilopaskali 101. Mfuko unasafirishwa hadi Kigali, mji ulio zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, ambako jotoridi ni nyuzi 20 na kanieneo ya hewa ni yapata kilopaskali 84. Je, hewa iliyomo mfukoni itachukua ujazo gani?

Mwanafunzi aliyekariri kanuni huandika tarakimu mahali pake na kukokotoa. Akitumia nyuzi za Selsiasi kama zilivyo, hupata takriban sentimita za ujazo 401, yaani mfuko umenywea. Akitumia kipimo cha kelvini, hupata takriban 581, yaani mfuko umetuna. Msafiri yeyote aliyepanda na pakiti ya vibanzi kutoka pwani hadi nyanda za juu anajua jibu lipi ni la kweli, kwa kuwa pakiti hutuna hadi ikakaribia kupasuka. Hata hivyo, jibu la 401 huandikwa, hupigiwa mstari chini, na mwandishi wake hana shaka nalo.

Kosa hilo halitokani na hesabu, kwani kuzidisha na kugawanya kumefanyika sawasawa. Limetokea kabla ya hesabu, katika kusoma na kueleza hali ya gesi. Makala haya yanadai kwamba pengo hilo lina historia, na kwamba historia hiyo ina somo kwa mjadala wetu wa Kiswahili na sayansi.

2.0 Boyle na Jedwali Lake

Mwaka 1644 Evangelista Torricelli alieleza katika barua jinsi mrija uliojazwa zebaki na kupinduliwa katika bakuli la zebaki unavyobaki na safu ya kimo cha takriban sentimita 76. Alieleza kwamba uzito wa hewa ya nje ndio unaoishikilia safu hiyo. Tarehe 19 Septemba 1648 Florin Périer, shemeji yake Blaise Pascal, alipanda mlima Puy de Dôme nchini Ufaransa akiwa na mrija wa namna hiyo, na kule juu zebaki ikashuka kwa zaidi ya inchi tatu. Hiyo ndiyo sababu ya tofauti ya kanieneo kati ya Mombasa na Kigali: anayeishi juu ana hewa kidogo zaidi juu ya kichwa chake.

Robert Boyle, akisaidiwa na Robert Hooke kuunda pampu ya hewa, alichapisha majaribio yake mwaka 1660. Mwaka uliofuata, padri Franciscus Linus alimpinga. Kwa maoni yake, kilichoishikilia zebaki kilikuwa uzi usioonekana ulioivuta kutoka juu, na hewa haikuwa na nguvu ya kutosha kufanya kazi hiyo. Ili kumjibu, Boyle alitumia mrija uliokunjwa mfano wa herufi J, mkono mfupi ukiwa umezibwa na mrefu ukiwa wazi. Alimimina zebaki kidogo kidogo na kupima jinsi hewa iliyonaswa katika mkono mfupi ilivyobanwa.

Matokeo yalichapishwa mwaka 1662 katika jedwali. Hewa ilipochukua sehemu 48, ilibeba inchi 29 na 2/16 za zebaki; ilipobanwa hadi sehemu 24, inchi 58 na 13/16; na ilipofika sehemu 12, inchi 117 na 9/16. Tukizidisha kila ujazo kwa kanieneo yake tunapata 1,398, kisha 1,411.5, kisha 1,410.75. Tofauti kati ya tokeo dogo na kubwa ni takriban asilimia moja.

Mambo mawili katika kazi hiyo yanatuhusu. Kwanza, Boyle aliweka safu ya ziada iliyoonyesha kile ambacho kanieneo ingepaswa kuwa endapo dhana ya uwiano wa kinyume ni ya kweli, na akaiweka kando ya kile alichokipima. Dhana yenyewe aliinasibisha waziwazi na Richard Towneley. Msomaji alipewa kwanza sentensi ya kuthibitisha, kisha tarakimu za kuithibitisha. Pili, Boyle aliandika kwa Kiingereza katika zama ambazo lugha ya wasomi wa Ulaya ilikuwa Kilatini. Tafsiri ya Kilatini ya majaribio yake ilifuata baadaye. Wakati huo Kiingereza hakikuwa lugha ya sayansi ya dunia; kilikuwa lugha ya kisiwa kimoja, na maneno mengi ya fani hiyo yalikuwa bado yanatafutwa.

3.0 Safu Iliyokosekana

Jedwali la Boyle halina safu ya jotoridi. Leo kila kitabu hueleza kwamba kanuni ya Boyle ni kweli iwapo jotoridi halibadiliki, lakini sharti hilo lisingeweza kuandikwa kwa usahihi mwaka 1662, kwa kuwa hapakuwa na kipimajoto ambacho watu wa miji miwili tofauti wangekubaliana juu ya alama zake. Vipimajoto vya zebaki vya Daniel Gabriel Fahrenheit vilipatikana katika miongo ya mwanzo ya karne ya 18, na kipimo cha Anders Celsius kilitangazwa mwaka 1742.

Hata baada ya chombo kupatikana, neno lilibaki na utata. Katika miaka ya 1760 Joseph Black, nchini Uskoti, alitenganisha mambo mawili yaliyokuwa yakiitwa kwa jina moja: kiasi cha joto kinachoingia katika kitu, na kiwango cha moto au baridi ambacho kitu hicho kimefikia. Sufuria ya maji yanayochemka inaonyesha tofauti hiyo vizuri. Jiko linaendelea kuwaka na joto linaendelea kuingia, lakini kipimajoto hakipandi. Kiswahili sanifu kina jozi ya maneno inayobeba tofauti hiyo, joto na jotoridi, na jozi hiyo imo katika istilahi za shule. Mwalimu anayeitumia kwa uangalifu anampa mwanafunzi tofauti ambayo wasomi wa Ulaya waliishi bila kuwa nayo kwa karne nzima baada ya Boyle. Mwalimu anayesema “joto” kwa yote mawili anamrudisha mwanafunzi kabla ya Black.

Neno gesi lenyewe lina hadithi inayofanana na hiyo. Lilibuniwa katika karne ya 17 na Jan Baptist van Helmont, lakini hata mwaka 1774 Joseph Priestley alikuwa bado anaandika juu ya aina mbalimbali za “hewa”. Black aliita kaboni dioksidi “hewa iliyofungwa”. Kiswahili cha sera za mazingira kimepita njia hiyohiyo kwa kuita gesi hiyo hewa ukaa. Hakuna aibu katika njia hiyo, bali kinachotakiwa ni kujua neno lipi limewekewa mpaka na lipi bado linaelea.

4.0 Sufuri Inaanzia Wapi?

Mwanzoni mwa karne ya 18 Guillaume Amontons aligundua kwamba hewa iliyofungwa huongeza kanieneo kwa uwiano maalumu inapopashwa moto, na akadokeza kwamba lazima kuwe na baridi ya mwisho ambapo kanieneo ingetoweka. Mwaka 1787 Jacques Charles, ambaye Desemba 1783 alikuwa amepaa Paris kwa puto la haidrojeni, alifanya majaribio juu ya kutanuka kwa gesi lakini hakuyachapisha. Mwaka 1802 Joseph Louis Gay-Lussac alichapisha majaribio yake mwenyewe na kutaja kazi ya Charles. Jina la Charles limebaki katika vitabu kwa sababu mtu mwingine alimtaja kwa haki.

Gay-Lussac alipata kwamba gesi hutanuka kwa 0.375 ya ujazo wake inapopashwa kutoka nyuzi 0 hadi nyuzi 100. Ukigawa 100 kwa 0.375 unapata takriban 267. Ndiyo maana Émile Clapeyron, alipounganisha kanuni ya Boyle na ya Gay-Lussac mwaka 1834, aliandika mlinganyo ambamo kanieneo mara ujazo ni sawa na kizio kisichobadilika mara jumla ya 267 na jotoridi. Katika miaka ya 1840 vipimo makini zaidi, hasa vya Henri Victor Regnault, vilileta 0.3665, na hapo ndipo inapotoka namba 273. Mwaka 1848 William Thomson, aliyekuja kuitwa Lord Kelvin, alipendekeza kipimo cha jotoridi kisichotegemea maji, zebaki wala gesi yoyote mahususi.

Kwa hiyo ile 273 ambayo mwanafunzi huambiwa “aongeze” ni jibu la swali lililochukua takriban karne moja na nusu. Nyuzi sifuri za Selsiasi ni mahali maji yanapoganda, na hazimaanishi kutokuwapo kwa jotoridi. Uwiano hauwezi kujengwa juu ya sufuri iliyochaguliwa kwa makubaliano. Fundi wa magurudumu anakutana na jambo hilohilo kila siku: kipimo chake cha upepo husoma sufuri gurudumu linapokuwa limepasuka, ilhali hewa ya nje bado inalisukuma kwa kilopaskali zaidi ya 80. Anayetaka kutumia kanuni ya gesi lazima ajumlishe kanieneo ya hewa ya nje kwanza, kama anavyojumlisha 273. Kosa la Selsiasi na kosa la kipimo cha upepo ni kosa moja, lakini hufundishwa kama mambo mawili yasiyojuana, na mara nyingi hayafundishwi kabisa.

5.0 Karlsruhe, 1860: Kongamano la Istilahi

Mwaka 1811 Amedeo Avogadro alipendekeza kwamba ujazo ulio sawa wa gesi yoyote, katika jotoridi na kanieneo ileile, una idadi sawa ya molekuli. Pendekezo hilo lilipuuzwa kwa takriban nusu karne. Sababu mojawapo ilikuwa kwamba wanakemia hawakukubaliana juu ya maana ya atomu, molekuli na kilinganishi. August Kekulé, katika kitabu chake cha kemia, aliorodhesha fomula 19 zilizokuwa zimependekezwa kwa asidi ya asetiki pekee, ile inayoipa siki ukali wake. Watu walikuwa wakipima kitu kimoja na kuandika majibu yasiyosomeka kwa wenzao.

Tarehe 3 hadi 5 Septemba 1860 wanakemia kutoka nchi nyingi za Ulaya walikutana Karlsruhe, Ujerumani, ili kukubaliana juu ya maneno. Kura na hotuba hazikumaliza mzozo. Kilicholeta mabadiliko ni kijitabu cha Stanislao Cannizzaro, kilichogawiwa mwishoni mwa mkutano na Angelo Pavesi. Kijitabu hicho, kilichochapishwa kwa Kiitaliano mwaka 1858, kilikuwa muhtasari wa kozi aliyowafundisha wanafunzi wake Genoa. Kilionyesha hatua kwa hatua jinsi wazo la Avogadro linavyoondoa utata wa uzito wa atomu. Miongoni mwa waliohudhuria walikuwamo Lothar Meyer na Dmitri Mendeleev, ambao baadaye kila mmoja alipanga elementi katika jedwali. Mendeleev ndiye pia aliyeandika, mwaka 1874, mlinganyo wa gesi wenye kizio kimoja kwa gesi zote, kinachotegemea kiasi cha maada kilichohesabiwa kwa njia ya Avogadro.

Somo kwa makongamano yetu liko wazi. Mkutano uliitishwa kusanifisha istilahi, lakini istilahi zilikubalika kwa sababu ya andiko la kufundishia lililothibitisha kwamba zinafanya kazi darasani. Orodha ya maneno isiyo na somo ndani yake haikumshawishi yeyote.

6.0 Van der Waals na Kikwazo cha Lugha za Kale

Johannes Diderik van der Waals alizaliwa Leiden mwaka 1837, mtoto wa seremala. Alianza kazi kama mwalimu wa shule ya msingi na kujiendeleza taratibu. Uwezo wake katika fizikia na hisabati haukutosha kumfungulia mlango wa shahada, kwa kuwa sheria ya Uholanzi ilimtaka mtahiniwa wa chuo kikuu awe amesoma lugha za kale, Kilatini na Kiyunani, na yeye hakuwa amezisoma. Baadaye sharti hilo liliondolewa kwa wanafunzi wa sayansi. Mwaka 1873, akiwa na umri wa miaka 35, alitetea tasnifu yake Leiden. Ndani yake mlikuwa na mlinganyo uliorekebisha kanuni ya gesi kwa kutambua mambo mawili: molekuli zina ujazo wake, na huvutana. Mlinganyo huo ulieleza kwa nini gesi halisi huachana na kanuni ya Boyle inapobanwa sana au inapopozwa hadi kukaribia kuwa kimiminika. Mwaka 1910 alipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia.

Tasnifu hiyo iliandikwa kwa Kiholanzi. James Clerk Maxwell, akiihakiki katika jarida la Nature mwaka 1874, alidokeza kwamba kazi hiyo imewafanya watafiti kadhaa waanze kujifunza lugha hiyo. Tafsiri ya Kijerumani ilitoka mwaka 1881 na ya Kiingereza mwaka 1890.

Kisa hiki kisitumiwe kudai zaidi ya kinavyothibitisha. Van der Waals alisoma kazi za wenzake zilizoandikwa kwa lugha nyingine, na bila tafsiri sifa zake zisingeenea haraka. Hakuna anayeweza kumshauri mwanasayansi wa Afrika Mashariki asijue Kiingereza au Kifaransa. Kisa kinathibitisha jambo dogo zaidi lakini zito: sharti la lugha lisilohusiana na maarifa yanayopimwa lingeweza kuinyima dunia mlinganyo huo, na lilipoondolewa, kiwango cha sayansi hakikushuka.

7.0 Kurudi kwenye Mfuko wa Plastiki

Sasa swali la Mombasa na Kigali linaweza kujibiwa kwa sentensi kabla ya tarakimu. Kisichobadilika ni kiasi cha hewa, kwa kuwa mfuko umefungwa. Hilo ni fungu la Avogadro. Kanieneo imepungua kutoka 101 hadi 84, kwa hiyo ujazo lazima uongezeke kwa uwiano wa 101 kwa 84. Hilo ni fungu la Boyle. Jotoridi limeshuka, kwa hiyo ujazo lazima upungue. Na kwa kuwa uwiano huhesabiwa kutoka sufuri halisi, nyuzi 30 ni kelvini 303 na nyuzi 20 ni kelvini 293. Upungufu huo ni mdogo, wa 293 kwa 303. Hilo ni fungu la Gay-Lussac na Kelvin. Ongezeko ni kubwa kuliko upungufu, kwa hiyo mfuko utatuna. Baada ya hapo 500 huzidishwa kwa 101/84 na kwa 293/303, na jibu ni takriban sentimita za ujazo 581.

Mwanafunzi aliyetamka sentensi hizo hawezi kuridhika na 401, kwa sababu ameshajua upande ambao jibu litaelekea. Sentensi ndizo zinazomlinda. Naye hutamka sentensi vizuri katika lugha anayoimiliki.

8.0 Hali ya Ukanda Wetu na Mapendekezo

Nchini Tanzania Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia elimu ya msingi tangu mwaka 1967, na tume ya mwaka 1982 iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza kiendelee hadi sekondari, lakini sayansi ya sekondari imebaki katika Kiingereza. Rwanda iliamua mwaka 2008 kuhama kutoka Kifaransa kwenda Kiingereza, na mwaka 2017 ikakifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi. Baraza la mawaziri la Uganda lilichukua hatua ya namna hiyo mwaka 2022. Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo hufundisha sayansi ya sekondari kwa Kifaransa. Hivyo kanuni ya Boyle hufundishwa kwa Kiingereza Kigali na kwa Kifaransa Bujumbura, miji ambayo wafanyabiashara wake huelewana kwa Kiswahili.

Istilahi zipo. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilichapisha mwaka 1990 Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Tatizo ni kwamba dhana moja ina majina yasiyokutana. Kitabu cha fizikia husema kanieneo. Taarifa ya hali ya hewa husema mgandamizo. Daktari husema shinikizo la damu. Na fundi wa magurudumu husema upepo. Hii ndiyo asidi ya asetiki yetu yenye fomula 19. Maneno hayo yote yana haki ya kuishi katika matumizi yake, lakini mwanafunzi anapaswa kuambiwa wazi kwamba yanahusu kiasi kimoja chenye kizio kimoja, paskali.

Makala haya yanapendekeza mambo matatu. Kwanza, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki na mabaraza ya nchi wanachama waandae, kwa dhana chache za msingi, andiko fupi la kufundishia mfano wa lile la Cannizzaro, lenye istilahi ndani ya masomo na maswali yaliyokokotolewa. Pili, mitihani ya sayansi itenge alama kwa maelezo yanayotangulia hesabu, yaani kipi hakibadiliki na jibu litaelekea wapi, na iruhusu maelezo hayo yatolewe kwa Kiswahili hata pale ambapo mtihani wenyewe ni wa Kiingereza au Kifaransa. Tatu, maswali yatumie kanieneo halisi ya mahali. Mwanafunzi wa Kigali anayefundishwa kwamba hewa ya darasani mwake ina milimita 760 za zebaki anafundishwa jambo ambalo barometa ya shule, kama ipo, itakanusha.

9.0 Hitimisho

Historia ya kanuni za gesi mara nyingi husimuliwa kama msururu wa majina na herufi: Boyle, Charles, Gay-Lussac, Avogadro. Makala yameonyesha kwamba nyuma ya kila herufi katika mlinganyo kulikuwa na mjadala juu ya neno, na kwamba mjadala huo ulimalizika pale neno lilipowekewa mpaka unaoweza kupimwa. Mwanafunzi anayekabidhiwa herufi bila mjadala hubaki na kanuni ambayo anaweza kuitumia lakini hawezi kuihoji inapompa jibu lisilowezekana. Nchi zetu zina lugha ya pamoja, zina istilahi za kuanzia, na zina milima na pwani za kutosha kuthibitisha kila kanuni iliyotajwa hapa. Kilichobaki ni uamuzi wa kuviweka vitu hivyo katika darasa moja.